Makabidhiano ya Zamu, Kituo cha Liwale

Kwa Chilumba, unayeingia saa moja.
Chai iko kwenye chupa. Sukari ameimaliza Mkwinda.

Nambari Mbili imekesha.
Joto la maji themanini na nne,
shinikizo la oili halijayumba,
masafa hamsini, mara mojamoja arobaini na tisa na nukta nane
wale wa korosho wanapowasha mashine zao za kubangua.
Nimeandika kila saa, kwa kalamu ya bluu,
isipokuwa saa tatu.
Saa tatu mkono ulikuwa na kazi.
Soma basi hapa, maana safu za kitabu ni nyembamba.

Saa tatu kasoro dakika ishirini Nambari Tatu ilikohoa.
Unaijua sauti yake, ile ya mgeni aliyemeza mfupa
na anaona haya kuwaambia wenyeji.
Nikasema: nozeli ya silinda ya nne,
ile tuliyoisugua kwa mswaki
kwa sababu mpya iko ndani ya barua,
na barua imo ndani ya faili,
na faili liko Lindi, linasubiri saini.
Sijafika kwenye paneli, ikajizima.

Mbili ikabeba mzigo wa wawili.
Ikanguruma chini kwa chini,
taa za ukumbini zikawa rangi ya ndizi mbivu,
na simu ikalia.
Muuguzi hakusalimia. Alisema, "Tumeshapasua."

Nilikuwa na pumzi moja na laini tatu.
Ya hospitali haiguswi.
Ya sokoni nikaizima, na nikausikia, au nilidhani nimeusikia,
mji mzima ukilitukana shirika, kisha mama yangu.
Mshale wa masafa haukurudi.
Ikabaki Nangando.

Nangando ndiko kwangu, unajua.
Somoe ana mtihani wa fizikia leo,
na mada aliyokuwa akidurusu, usicheke,
ni umeme.
Nikaizima.

Kisha Nambari Moja, baridi kama jiwe la kisimani.
Kitabu kinataka ipashwe dakika tano.
Nikaipa mbili, nikaiomba radhi.
Mkwinda kashika tochi kwa meno, mikono yote miwili kwenye vali,
na jasho likimdondoka juu ya bati
likachemka.

Zile taa mbili ndogo zikaanza kupepesa:
mbio, kisha taratibu,
kisha kama jicho la mtoto anayeshindana na usingizi.
Mwanagenzi hudhani unafunga swichi zikiwaka.
La. Unangoja giza lao,
zizime zote mbili kwa pamoja,
maana hapo ndipo mashine zinakwenda hatua moja.
Ukiwahi, ukichelewa, shafti inavunjika kama muwa.

Zikazima. Nikafunga.
Hakikutokea kitu.
Chilumba, miaka kumi na sita kazini
sijaonja kitamu kama hicho:
kufunga swichi ya ampea elfu moja
na kisitokee kitu.

Nangando ilirudi saa nne na dakika saba.
Muuguzi hakupiga tena.
Nalichukua kuwa jema. Nani, akishapona,
atakumbuka kuuliza namba ya kituo?

Yaliyobaki ni haya.
Tatu iko wazi; usiliguse bomba la moshi, bado lina hasira.
Chujio la hewa la Mbili limejaa kumbikumbi, lipulize.
Dizeli ni lita elfu mbili na mia moja,
bowza limekwama matopeni njia ya Nangurukuru,
kwa hiyo usimwahidi mtu usiku wa leo.
Spana ya ishirini na nne haionekani. Mkwinda anaapa hajaiona.

Mimi natoka. Sikio la kushoto linavuma peke yake,
litavuma hadi adhuhuri.
Nampitia Somoe kabla hawajafunga geti la shule.
Akiniuliza, "Mama, nani alizima?"
nitamjibu kwa lugha ya mtihani wake:
mzigo ulizidi uwezo.
Akinitazama sana nitaongeza: ni mimi.

S. Nambunga, zamu ya usiku.

Nyongeza: spana imeonekana.
Ilikuwa mfukoni mwangu.