Ndoo ya Dagaa

Aliitua ndoo juu ya meza yangu, pale kituoni,
akaanza kuchota dagaa kwa viganja,
kiganja, kiganja, juu ya gazeti la juzi,
mpaka chini kikachomoza kitenge,
na ndani ya kitenge, jamani, kitu chenyewe.

Miaka ishirini na sita natunza ghala la silaha Mwanza.
Nimepokea magobole yaliyofungwa kwa mpira wa baiskeli,
nimepokea bastola za mfukoni, nyepesi kama uongo mdogo.
Hii sikuwahi.
Mtutu mrefu kama mkono wa mtoto wa chekechea.
Kidole changu cha mwisho kilizama mdomoni mwake
kikatoka kinanuka mafuta na dagaa.
Silinda ina vyumba vitano, si sita;
risasi zake ni nene, hazipendi kubanana.
Nilizitoa, nikaizungusha tupu. Tiki. Tiki. Tiki.
Taratibu, kama tajiri anayehesabu noti mbele za watu.

“Ya marehemu,” alisema Nyabwire wa Ukara.
Tungaraza aliinunua kwa mbuzi wanne na cherehani.
“Cherehani yangu,” alisisitiza.
Ni ya viboko, mumewe alisema. Na ya wezi wa injini.
Na ya macho ya watu pale Bwisya, mimi naongeza.
Cherehani ilikwenda, kichupa chake cha mafuta kikabaki:
ndiyo aliyoipaka kila Jumapili, kwa kitambaa cha flaneli,
mume ambaye hakuwahi kupaka bawaba ya mlango.

Aliipiga mara moja tu, usiku wa mwaka mpya.
Ikaruka, nyundo ikampasua paji la uso;
bata wa jirani walilala ziwani siku mbili;
sikio la kushoto likaanza kuimba, halikunyamaza tena.
Risasi zikabaki nne.
Za kuongeza, Mwanza hakuna, Musoma hakuna,
na aliyeahidi kuagiza alitaja bei ya debe la mahindi
kwa kila moja.

Kiunoni ilimteremsha kaptula.
Mtumbwini ilimgonga nyonga kila alipovuta kasia.
Tone la maji likiigusa, roho yake ndiyo iliyolowa.
Basi akaizoesha kulala chini ya kitanda.
Na kiboko alipokuja, alfajiri, kwenye matete,
kiboko yule yule wa maneno yote yale,
Tungaraza alikuwa na kasia.
Bastola ilikuwa na usingizi.

Nyabwire hakulia.
“Kasia tulilipata,” alisema, akaenda kutafuta maji ya kunywa.

Nikabaki nayo. Sitadanganya: niliinua.
Nina miaka hamsini na minne, nina kisukari,
nina nyumba Buhongwa inayosubiri bati mwaka wa saba,
lakini kiganja kilipojaa kile chuma
nilikuwa mtu asiyekatizwa maneno.
Nikalenga dirishani, jabali la mlimani,
lile lililokaa juu ya jabali lenzake tangu kabla ya majina,
na nikalionea huruma. Mimi! Jabali!
Sekunde tisa. Ya kumi mtutu ukaanza kuinama
kama ufito wa ndoana ulionasa sato,
kifundo cha mkono kikaungama.

Daftarini niliandika: Bastola, moja. Kubwa. Hali: nzima.
Risasi: nne.
Matumizi:
hapo kalamu ilisita. Nikapiga mstari.

Aliporudi alitia sahihi, akarejesha dagaa kwenye ndoo.
“Kitenge kaeni nacho,” alisema. “Ndoo naondoka nayo.
Ndoo ina kazi.”

Aliniachia viganja viwili juu ya gazeti.
Jioni niliwakaanga na nyanya nyingi.
Walikuwa na ladha ya mafuta ya cherehani, kwa mbali,
nikawala wote.