Kiwiko cha Bomba

Sinki lilinuna siku tatu.
Maji ya vyombo yalisimama humo
yakiwa na ngozi ya mafuta na majani ya chai,
yakinitazama.
Nikampigia fundi Obuya. "Niko Kondele, mama, nafika."
Jana yake pia alikuwa Kondele.
Nadhani kitovu chake kilizikwa Kondele.

Mama Khayanga akaniita juu ya ua:
"Mimina asidi, dada, ile ya chupa nyeusi. Inakula kila kitu."
Hiyo ndiyo hofu yangu. Kila kitu.

Nikaanza kwa adabu:
magadi vijiko vitatu, siki nusu kikombe.
Sinki likatoa povu, likacheua kama mtoto aliyeshiba.
Nikaongeza birika zima la maji moto.
Halikumeza hata tone.

Basi. Ndoo chini, tochi ya simu kidevuni,
nikapiga magoti, la kushoto likilalama,
nikaingiza kichwa mle ambamo
kwa miaka ishirini na sita niliona soli za viatu tu,
soli za Nyangweso, na sauti yake ikitoka kabatini:
"Nipe koleo. Siyo hilo. Lile."

Nikamkuta.
Pale kiwiko kinapoungana na ukuta
alikuwa amefunga utepe wa tyubu ya baiskeli,
mizunguko saba, umevutwa hadi mwisho wa mpira,
na fundo lile lake
la kufungia jogoo wa safari, magodoro, mabegi ya shule,
fundo ambalo halijui kufunguka.

Nilikaa hapo kitambo, ndoo katikati ya magoti.
Nje, muuza omena alipita akitaja bei,
akarudi, akaitaja tena, imeshuka.
Nikaomba radhi kwa sauti. Nikachukua kisu.

Kiwiko kilitoka kwa mkono, kushoto, kushoto.
Ndani: magamba ya ngege, ukoko wa ugali,
nywele za kusukia za Atoti
(Atoti yuko Eldoret, mwaka wa pili sasa),
na mafuta, mafuta ya kila samaki tuliyemkaanga,
yameganda meupe kama mshumaa.
Nimelaumu gugu kwa kulifunga ziwa.
Kumbe nami nilikuwa na langu jikoni,
nikilifunga kijiko kwa kijiko.

Nikasugua kwa waya wa kutundikia nguo.
Mpira mpya wa duara, shilingi arobaini, duka la pale Migosi.
Nikakaza kwa mkono, si kwa hasira.
Nikafungua mfereji.
Maji yakaguna kidogo, yakaenda.

Obuya alifika saa kumi na mbili jioni, na mkoba wake.
Akachungulia, akagonga bomba kwa ukucha,
akaniuliza kama najua kwa nini hupindwa.
"Maji kidogo hubaki hapo, mama. Daima.
Hayaendi popote. Ndiyo yanayozuia
harufu ya chini isipande nyumbani."

Nikamlipa kikombe cha chai.

Utepe wa tyubu uko dirishani, umekauka.
Niliukata pembeni.
Fundo liko vilevile.