Kidogo

Kazi yangu ni kuhamisha maneno
kutoka kinywa cha shahidi hadi kalamu ya hakimu,
hapa Kisumu, korti namba tatu,
ambapo feni imeharibika kidogo
tangu mwaka juzi.

Jumatatu alipanda kizimbani Dorsila,
muuza omena wa Kibuye,
mkono wa kushoto plasta hadi kwapani.
Alikufanya nini? wakili akauliza.
Akajibu kwa lugha ya nyumbani: alinigusa, matin.
Kidogo.
Nikalinyanyua neno nilipeleke mbele
na likanilemea,
kama gunia la saruji lililonyeshewa.
Kwa Kiingereza nikaweka lile lao fupi,
likaanguka mezani jepesi kama risiti.

Kidogo kiasi gani? hakimu akataka kujua.
Sheria hupenda vipimo.
Dorsila akautazama mkono wake
kama mtu anayeulizwa bei ya mzigo usio wake.
Kidogo tu, mheshimiwa.

Hiyo "tu" nimetembea nayo siku tatu.
Herufi mbili, na imeziba mlango mzima.

Sisi wa huku neno hili tumelilea wenyewe.
Kodi ya miezi mitano: nimekwama kidogo.
Fundi wa cherehani: ngoja kidogo,
na wewe nenda ukaoe, uzae, urudi,
suruali bado haina zipu.
Mgeni: nitaonja kidogo,
na kuku amebaki shingo.
Mjane, siku ya tatu ya matanga,
sauti imekauka, macho hayafunguki:
nimechoka kidogo, karibuni chai.

Usiniambie ni uwongo.
Nimekaa na waongo miaka kumi na tisa,
nawajua kwa jinsi wanavyoapa.
Uwongo hufunika. Hili hukunja,
kama noti ya mia tano kwenye pindo la leso,
inakunjwa, inakunjwa tena,
thamani yake iko pale pale
ila sasa inaenea mkononi,
na aliye mbele yako hatashtuka.

Alhamisi usiku baba akapiga simu kutoka Ahero.
Mvua ilikuwa imenyesha Nandi, si kwetu,
lakini mto Nyando haujui mipaka ya kaunti.
"Maji yameingia kidogo."
Nyuma yake nikasikia kuku,
na sauti yao ilitoka juu, juu ya kabati.
Kidogo hadi wapi, baba?
Kimya. Kitu kikaelea, kikagonga ukuta,
kikarudi kugonga tena.
"Wewe umekula?"

Basi mimi, mkalimani wa serikali,
mwenye cheti na kiapo,
nikasimama gizani nikitafsiri:
mpunga umekwenda.
Godoro la marehemu mama limekwenda.
Njoo.
Usije usiku huu, barabara imekatika.
Njoo.

Nimekula, nikasema.
Nina kazi kidogo hapa, nitapita kesho.
Sawa, akasema, hakuna haraka,
na hakukata simu,
nami sikukata,
bega limebana simu sikioni,
mkono wa kulia chini ya kitanda
ukipapasa gambuti ya pili.