Yatokanayo

Kikao kilifunguliwa saa mbili kasorobo usiku,
ukumbi wa kanisa, Kilmorran. Mvua, kama kawaida.
Wajumbe wanane. Udhuru mmoja: Alastair Purdy,
mwakilishi wa waendeshaji,
aliyelazwa tangu jana, taya limefungwa kwa waya.
Mwenyekiti akasema, andika "udhuru," inatosha.
Nikaandika udhuru.

Mimi ni katibu wa chama hiki, mwaka wa kumi na saba.
Pikipiki sizipendi wala sizichukii.
Napenda wino ukauke sawasawa.
Nimeandika "majadiliano marefu" mahali watu waliporushiana viti,
na "mwenyekiti alifafanua" mahali alipopiga meza
mpaka biskuti zikaruka.

Yatokanayo: ukuta wa mawe, kona ya Hanratty.
Mwezi Machi waendeshaji waliomba marobota arobaini ya majani makavu,
safu mbili, kuanzia nguzo ya simu hadi lango la ng'ombe.
Mweka hazina akasema ishirini na nane.
Mkulima anadai ya mwaka jana. Bima imepanda.
Na mdhamini, yule wa rangi za nyumba,
amelalamika kwamba marobota yanaziba bango lake.

Jana, kabla ya mazoezi, nilipita pale na mwavuli.
Nikahesabu. Nikarudia, maana mimi ni katibu.
Ishirini na moja.
Baada ya la ishirini na moja, jiwe tupu, limelowa.
Purdy aliufikia ukuta hapo.

Kipengele cha tatu hakikuwa kwenye ajenda.
Mlango ulifunguka, wakaingia waendeshaji kumi na wanne
ndani ya ngozi zao za mbio, wakichuruzika maji sakafuni.
Hawakuketi. Nguo zile hazikunjiki
kwenye viti vya watoto wa shule ya Jumapili.
Colm Devenney akasema: Jumamosi hatuwashi.

Mwenyekiti Gilfillan akavua miwani.
Ajali haina kinga, akasema. Ukuta ule ule
baba zenu waliupita wakicheka.

Haina kinga, sawa, akasema Devenney,
lakini hii ina anwani.
Na baba yangu yupo hapo nje, safu ya tatu kutoka bombani.
Nenda kamuulize kama alicheka.

(Hili niliambiwa nisubiri kwanza kuliandika.)

Kura: nne kwa nne. Mwenyekiti akapiga ya turufu.
Mashindano yapo. Fomu ziko mezani, anayetaka asaini,
asiyetaka atarudishiwa kiingilio, pungufu ya gharama za ofisi.
Watatu walisaini. Wa mwisho Fintan Magowan,
miaka ishirini na mbili, injini ya mkopo.
Aliazima kalamu yangu. Hakumtazama Devenney.
Aliponirudishia akaniomba radhi, mimi,
kana kwamba alichotumia ni wino tu.

Mengineyo: katibu aliomba kusema.
Halijawahi kutokea; mweka hazina aliacha kutafuna.
Nikasema, ishirini na moja.
Siyo ishirini na nane. Nilihesabu mara mbili.
Mwenyekiti akasema, Isobel, hilo lisiingie.
Nikasema limeshaingia, na wino huu haufutiki,
wewe mwenyewe uliununua kwa bei ya jumla.

Kikao kilifungwa saa nne na dakika kumi.

Yafuatayo hayamo kwenye muhtasari.
Ijumaa usiku trekta la mkulima lilisimama kona ya Hanratty
bila taa. Hakutaja deni.
Devenney alibeba, Magowan alibeba,
hawasemezani, kila mmoja na kamba yake
ya robota lile lile.
Mimi nilishika tochi.
Tulifika thelathini na sita, majani yakatuishia.
Nikaangaza pengo lililobaki, upana wa milango miwili hivi.
Hakuna aliyesema kitu.
Devenney akaenda kwenye gari lake
akarudi na godoro analolalia, la maua maua.
Magowan akaenda kwenye lake.