Shimo la Teretia

Nonouti haina mto, haina kilima;
mwinuko wa juu kabisa ni kaburi la babake.
Teretia anachimba. Shimo lamfika kiunoni,
lamfika kifuani,
mpaka mchanga wa matumbawe utoe jasho.

Maji matamu hapa huelea juu ya chumvi
kama mafuta juu ya mchuzi:
ukichota kwa pupa, bahari inapanda.

Kila gimbi analisukia kapu la mkadi,
analijaza majani yaliyooza.
Udongo hapa hauokotwi,
unapikwa, na kuiva ni miaka.

Mwezi wa tano bila mvua.
Anachovya kidole, anaonja.
Jana palikuwa na utamu kidogo.
Leo anaonja, anaonja tena,
hasemi neno.

Anashuka na kapu jingine la majani.