Vifungo

Kila Jumapili kabla ya kanisa
nilimfunga baba vifungo vya shati,
kuanzia chini, maana kile cha shingoni
kilimkera, tukakiacha hadi mwisho.
Vidole vyake vilikuwa tangawizi,
kila kimoja na upande wake,
na kile kidogo cha kushoto kilitazama nyuma
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Habakuki Lukhoba, fundi boila,
karakana ya reli, Kisumu;
golikipa wa kwanza wa timu yao kulipwa:
shilingi nane kwa mechi
na nusu mche wa sabuni Jumatatu.
Nyalenda walicheka, mama anasema.
Mtu mzima analipwa kushika mpira!
Mbona kuku tunawashika bure?

Glavu hazikuwepo. Kulikuwa na mate,
na matambara ya kufutia grisi
aliyoyazungusha kwenye vifundo.
Mpira wa ngozi, wa kamba;
mvua ikinyesha uliunywa uwanja mzima
ukamjia mzito kama ndama.

Sijui kama alikuwa hodari.
Picha ipo moja, na mpiga picha
amemkata kichwa. Imebaki mikono.

Mechi kumi na nne.
Nimezihesabu katika daftari la mlipaji:
sahihi ya kwanza imenyooka, ina mkia wa madaha,
ya tisa inachechemea,
ya mwisho ni dole gumba, wino wa zambarau,
na mlipaji hakuandika sababu.

Nakuru walikuja na penalti dakika za lala salama.
Aliidaka. Hilo hata wao hawabishi.
Akaanguka nayo topeni, akaikumbatia,
refa akapuliza, akapuliza tena,
wenzake wakamsihi auachie mpira, bwana, tumeshinda,
wakadhani ni kiburi.
Mikono ndiyo iliyogoma kufunguka.

Wakambandika jina la Gundi,
akazeeka nalo, akiitikia,
miaka ishirini na sita mbele ya moto wa boila,
koleo akilishika kwa viganja, si kwa vidole.

Mara moja tu nilimuuliza,
baba, msimu ule ulifungwa mangapi?
Akafikiri mpaka kengele ya pili ikalia kanisani,
akainua kidevu
nikifikie kile cha shingoni.
"Haya," akasema, "funga."