Sampuli Namba Saba

Mvua ya Desemba imeipiga Sikonge siku tatu,
msitu umeanza kusukuma vichwa:
vyekundu, vya rangi ya kiini cha yai,
kimoja cheusi kama kisogo cha mtu aliyejificha.

Nimekuja na pikipiki ya ofisi,
kisu, mifuko ya kaki, fomu yenye safu tano.
Tarehe. Mti ulio karibu.
Hizo hazinisumbui; naandika mtundu,
naandika myombo, kalamu inakimbia.
Safu ya tatu, jina la kitaalamu, naiacha wazi
hadi nirudi Tabora, nifungue kile kitabu kinene
ambacho hakijawahi kulowa na umande wa huku.

Shangazi Kalunde ametangulia.
Anageuza kofia ya uyoga kwa ncha ya kidole,
anapapasa matamvua, ananusa, anatema mate pembeni.
"Huu una pete. Simwamini aliyevaa pete
na harusi yake hatukuila."
Nacheka. Halafu naandika:
chuoni walitufundisha hivyohivyo,
kwa muhula mzima.

Jioni ananipeleka ghalani nikamwonee karanga zake.
Bati lilivuja, anasema, kidogo tu, pale konani.
Napasua ganda la kwanza.
Unga wa kijani, laini kama poda ya mtoto.
La pili. La kumi.

"Sumukuvu," namwambia,
na neno linamfikia polepole,
kama msiba ulioletwa na mtoto asiyejua alichotumwa.
"Gunia hili?"
"Yote matatu."
"Hata nikizikaanga?"
"Hata ukizikaanga, shangazi."

Anakaa juu ya kinu kilichopinduliwa.
Ada ya Mhoja ilikuwa humo.

Kimya. Kisha:
"Na ule wa asubuhi, nao ni kuvu?"
Nao. Ndugu wa mbali.
Namweleza nyuzi zilizo chini ya majani makavu,
nyembamba kuliko unywele,
zinavyoshika mizizi ya mtundu,
zinaupa maji, zinapewa sukari,
na hakuna anayeandika deni.

"Basi ni ukoo kama ukoo wetu," anasema.
"Huyu anakulisha,
yule anakula ada ya mwanao."

Tunachimba shimo nyuma ya choo,
tunazifukia karanga kwa tochi ya simu.
Hatusemi chochote. Jembe linasema.

Nikirudi jikoni, mfuko namba saba ni mtupu
na sufuria inatokota.
"Ule niliujua," anasema, bila kugeuka.

Tunakula. Ugali, chumvi,
sampuli ya serikali.

Usiku, kwa kibatari, namalizia fomu.
Safu ya tano, Faida, ina upana wa kidole:
Umeliwa. Tulikuwa wanne.
Kisha narudi kwenye safu ya tatu
na kwa penseli, herufi kubwa,
naandika jina alilolitaja akiwa anauosha.